TP-Link Archer T2U Plus: kabla hujainunua, pima kwanza tatizo liko wapi

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hii niliyoishika ni TP-Link Archer T2U Plus, adapta ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB, ile yenye antena ndefu. Wengi mnanunua kompyuta za mezani zilizotoka maofisini, Dell OptiPlex na nyinginezo, mnafika nyumbani, mnawasha, alama ya Wi-Fi haionekani. Mashine ni nzima jamani. Nyingi zilitoka kiwandani zikitegemea waya wa LAN, kadi ya Wi-Fi haimo.

Kuna kundi la pili, na hili ndilo linaloniuma: Wi-Fi ipo, intaneti inasuasua, na muuzaji anakwambia nunua adapta. Subiri kwanza. Adapta inashughulika na kipande kimoja tu, kutoka kompyuta hadi ruta. Hitilafu iliyo mbele ya ruta haiigusi.

Kwa hiyo tupime. Fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, andika ipconfig, bonyeza Enter. Tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Anwani ya kompyuta yenyewe ikianza na 169.254, basi ruta haijaipa anwani, imejipa yenyewe. Zima ruta, iwashe, unganisha upya.

Sasa andika ping, acha nafasi, weka anwani ya ruta, acha nafasi tena, malizia na -t ili iendelee mpaka uisimamishe. Namba zinazotokea ni muda ambao jibu la ruta linachukua kurudi. Tazameni skrini yangu: milisekunde 2, 3, 2. Hapo ni salama. Zikiruka hadi mamia, au ikiandika Request timed out kila baada ya muda, tatizo limo humo humo ndani ya nyumba, na hapo ndipo adapta inaweza kukufaa.

Ruta ikijibu vizuri, fanya hivyo hivyo kwa 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google iliyoko nje kwenye intaneti. Ikigoma, achana na kompyuta. Kama una faiba, angalia kile kisanduku cha ukutani: taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haukufikii, mpigie mtoa huduma. Angalia na bando kama halijaisha. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani, na hakuna adapta ambayo ingefua dafu. Na 8.8.8.8 ikijibu lakini tovuti hazifunguki, mara nyingi shida ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Hujatoa hata senti.

Haya, tuje kwenye kifaa. Hii ni AC600, yaani daraja lake la kasi: megabiti 433 kwa sekunde kwenye masafa ya redio ya 5 GHz na 200 kwenye 2.4 GHz. Hizo ni namba za boksi, usitegemee kuziona zote. Kinachonifanya niipende ni hiyo 5 GHz. Mitaa yetu nyumba zimebanana, ruta za majirani zimejazana kwenye 2.4, na kule chaneli zisizoingiliana ni 3 tu: 1, 6 na 11. Lakini 5 GHz haipendi kuta. Ruta ikiwa nyuma ya kuta mbili za tofali, rudi 2.4, utapata kasi ndogo isiyokatika.

Sasa mahali pa kuichomeka, maana hapa wengi wanailaumu bure. Ukiichomeka nyuma ya kompyuta iliyo chini ya meza, antena inabanwa kati ya ukuta na boksi la chuma. Tumia waya wa kurefusha USB, uilete juu ya meza, uisimamishe antena. Pia itenge na diski ya nje ya USB 3.0, maana diski hizo zikifanya kazi hutoa mawimbi yanayovuruga 2.4. Adapta yenyewe ni USB 2.0, tundu jeusi la kawaida linaitosha.

Windows isipoitambua, inataka draiva, yaani programu ya kuiendesha adapta, na draiva iko mtandaoni ambako bado hufiki. Chukua simu, iunge kwa waya wa kuchajia, washa USB tethering. Kompyuta itapata intaneti ya simu. Pakua draiva kwenye tovuti ya TP-Link, ukilinganisha toleo lililoandikwa kwenye stika ya adapta.

Ikishika halafu ikawa inakata ukiiacha kidogo, fungua Device Manager, ingia kwenye adapta, sehemu ya Power Management, ondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.

Niinunue au nisinunue? Kama ruta na kompyuta viko chumba kimoja, usinunue. Chukua waya wa LAN wa Cat5e, unabeba gigabiti 1 hadi mita 100, na hausumbuliwi na ukuta wala ruta za majirani. Kama ruta iko sebuleni na kompyuta iko chumbani, haina Wi-Fi, na huwezi kutoboa ukuta wa nyumba ya kupanga, hii ichukue, na waya wa kurefusha ununue siku hiyo hiyo.