Ajenti ya OpenTelemetry kwa Java: naipenda sana

Nyie wenye sistimu za Java hapa Kampala, hii ajenti ya OpenTelemetry, yaani kifaa cha kufuatilia programu yako inafanya nini na inachukua muda gani, ijaribuni, na ni ya bure. Unashusha faili moja la jar, unaongeza -javaagent kwenye amri ya kuwasha programu, unaiwasha upya basi, msimbo hujagusa hata mstari, na yenyewe inaanza kunasa kila ombi linaloingia na kila kueri inayoenda databesi kupitia JDBC (njia ya Java ya kuongea na databesi). Sisi tunaangalia kwa Jaeger, programu inayochora safari ya kila ombi, na ndo nikaona ripoti ya mauzo ya mteja wetu wa Kikuubo inarudi databesi upya kwa kila mnunuzi badala ya kuvuta wote kwa mpigo, vijistari vidogovidogo, kila kimoja kueri moja, vimejaa skrini nzima, na muda wote huo watu wanalaumu intaneti!

Kuwaka inachelewa kidogo na RAM inakula, wenye seva ndogo muwe makini. Tena funksheni zako mwenyewe za ndani haizioni, hapo unaweka alama ya @WithSpan juu ya funksheni kwa mkono. Watu wa Go angalieni Beyla ya Grafana, kazi ni kama hii ila inatumia eBPF, njia ya kuchungulia programu kutoka ndani ya kerneli ya Linux. Mi yangu siitoi.