Miaka 6 na Honda CG125 kuukuu, nikiitengeneza mwenyewe

Nilipoichukua pikipiki hii ilikuwa imelala chini ya turubai kwa muda mrefu. Tangi lina kutu ndani, tairi zimepasuka pembeni, kiki nzito. Sasa ni mwaka wa 6 naiendesha karibu kila siku, na injini yake imeguswa na fundi mara moja tu, nitaeleza kwa nini. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye pikipiki ndogo ya zamani anayejiuliza kama ataimudu kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa CG125, ataimudu. Sababu kubwa imo kwenye injini yenyewe. Honda walianza kuitoa mwaka 1976 wakiwalenga watu wanaotegemea pikipiki kwa kazi nzito, watu ambao matengenezo husubiri hadi kitu kikatike. Kamshafti, ile shafti inayofungua vali, haikuwekwa juu kwenye kichwa cha silinda. Iko chini, inazungushwa na gia, na vijiti viwili virefu vinapanda kando ya silinda kwenda kusukuma roka, vile vikono vinavyobonyeza vali. Hakuna cheni ya taimingi (ya kuzungusha kamshafti) ya kulegea. Hata cheni ya gurudumu la nyuma imefunikwa yote kwa kasha la bati, vumbi na maji haviifikii, na yangu imedumu kuliko nilivyotarajia.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kurekebisha tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya roka na vali. Naifanya asubuhi kabla ya kuwasha, maana kipimo chake ni cha injini baridi. Natoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, nafungua kifuniko cha vali na kile cha upande wa magneto, kisha nazungusha taratibu kwa spana hadi alama ya T ikutane na alama ya kwenye kasha. Hapo nazishika roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza kidogo, pistoni iko juu na vali zote zimefunga. Kama zimekaza, nazungusha tena mzunguko mmoja kamili.

Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08, kwa vali zote mbili. Jani la fila geji (vijani vya chuma vya kupimia nafasi) la kipimo hicho ni jembamba kuliko karatasi ya kuandikia. Lipite, lakini lipite huku likishikwashikwa kidogo, kama ukurasa unaouvuta kutoka kwenye kitabu kilichofungwa. Ugumu uko kwenye nati ya kufungia: unapoikaza, skrubu inataka kuzunguka nayo na kipimo kinapotea. Nashikilia skrubu kwa mkono mmoja, nakaza kwa mwingine, halafu napima upya. Mara nyingi narudia mara 3 ndipo naridhika.

Wengi hukaza tapeti ili kuua ule mlio wa tiki-tiki, na hapo ndipo injini nyingi nzuri huharibiwa. Vali iliyokazwa mno haikai sawasawa kwenye kiti chake, na kiti ndicho kinachoipunguzia joto. Vali ya ekzosti huungua polepole, na mwenye pikipiki hugundua pale kiki inapokuwa nyepesi kwa kukosa mgandamizo. Heri mlio kidogo.

Tatizo lililonisumbua zaidi lilitoka kwenye kabureta. Pikipiki ilikuwa inawaka vizuri kwa choki, nikiiachia tu choki inazima. Nilibadilisha plagi, nikasafisha chujio la hewa, Jumamosi mbili zikaisha. Mwishowe niliteremsha kabureta na kutoa jeti ndogo, kile kisehemu chenye tundu la kupitishia mafuta injini inapozunguka polepole. Nikaiinua kuelekea dirishani: giza tupu. Mafuta yaliyokaa muda mrefu yalikuwa yameganda humo kama gundi. Niliiloweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta usiku kucha, asubuhi nikaipuliza kwa pampu na kuiinua tena, na safari hii nikaona nukta ya mwanga, ndogo, ya duara safi. Nilifurahi kupita kiasi. Usichokonoe tundu hilo kwa waya. Likipanuka hata kidogo tu, mchanganyiko wa mafuta na hewa hautakaa sawa tena. Na kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, izungushe hadi ifunge huku ukihesabu, uandike ni mizunguko mingapi.

Oili ni kazi ya dakika chache, karibu lita moja, nayo humwagwa injini ikiwa na uvuguvugu. Ila chagua kopo lenye alama ya JASO MA, kiwango cha oili za pikipiki ambazo klachi yake imo ndani ya oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayoogesha klachi, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Kwenye oili ndipo nilipokosea vibaya. Nilikaza bolti ya kumwagia kwa spana ndefu, kwa nguvu zote, nikihofia isivuje. Kasha ni la aluminiamu. Nilihisi bolti ikilainika mkononi, na nikajua nyuzi zimekufa. Hiyo ndiyo mara moja niliyohitaji fundi, akachonga tundu upya na kuingiza uzi wa chuma. Siku hizi natumia spana fupi, naweka washa mpya, na mkono unaacha pale unapohisi imeshika.

Breki zote za pikipiki yangu ni za ngoma. Duka moja liliniuzia shuu (vipande vinavyobana ngoma ukikanyaga breki) ambazo baada ya wiki chache utando wake ulianza kubanduka kwenye chuma. Niligundua kwa kuwa nilifungua gurudumu kukagua. Kwa nje hakukuwa na dalili. Sasa kabla ya kulipa naangalia ukingo wote ambapo utando umegundishwa, na nikiona ufa mdogo kama unywele naziacha kaunta. Vumbi la ndani ya ngoma usilipulize. Shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo ni hatari kwa mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Vifaa nilivyo navyo si vingi: spana za kawaida, bisibisi za nyota zenye ncha nzima (hizi msibane matumizi, ncha iliyolika huharibu skrubu za kasha), fila geji, spana ya plagi ya milimita 18, na daftari lenye tarehe na kilomita za kila kazi.

Pikipiki yenyewe naipendekeza bila kusita kwa anayetaka kujifunza. Haina mwendo wa kujivunia, na ukiipakia mzigo mzito mlimani utashusha gia mapema. Ila ikiharibika inakuonyesha palipoharibika.

Kazi inayofuata ni beringi za usukani. Juzi nililinyanyua gurudumu la mbele, nikashika foku na kuzisukuma mbele na nyuma, nikasikia kitu kikigonga kidogo shingoni. Beringi mpya zimeshafika, grisi ipo, nasubiri siku isiyo na mvua.