Kikapu cha mteja: ndani ya kidakuzi au kwenye seva?

Natengeneza tovuti ya duka la kahawa hapa Moshi, na swali lililonisumbua ni hili: kikapu cha mteja, yaani orodha ya bidhaa alizochagua, kikae wapi?

Unaweza kukiandika chote ndani ya kidakuzi (cookie), yaani maandishi mafupi ambayo tovuti huyahifadhi kwenye kivinjari cha mteja. Seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, inakituma kwa mstari wa jibu uitwao Set-Cookie, kivinjari kinakitunza na kukirudisha kila ombi. Seva haikumbuki kitu, kazi imekwisha. Ila nafasi ni kama baiti 4096 tu, na mteja anaweza kukihariri. Nilijaribu mwenyewe: kilo ya arabika ya shilingi 30,000 nikaiandika 300, oda ikapita! Nilishtuka kweli. Ukiongeza sahihi ya siri (alama inayokokotolewa kwa ufunguo ambao seva pekee inaujua), seva itagundua udanganyifu, lakini yaliyomo bado yanasomeka.

Sesheni, yaani kumbukumbu ya mteja inayotunzwa kwenye seva, ni tofauti. Kidakuzi kinabeba namba ndefu isiyobashirika, mfano wa tiketi ya mzigo pale stendi. Mzigo wenyewe, bei zikiwemo, uko kwenye seva. Inadai hifadhidata na kufuta sesheni zilizokwisha muda. Hii ndiyo niliyochagua. Namba ikiibwa, mwizi anaingia kama mteja, kwa hiyo weka kwenye kidakuzi alama ya HttpOnly ili JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari) isiisome, na ya Secure ili isafiri kwa HTTPS (muunganisho uliosimbwa) pekee.