Wakili wa haraka Mwanjelwa: nyota 4, ya 5 imebaki kwenye risiti

Niliahidi nitaandika kuhusu hawa mawakili, ngoja niandike kabla sijasahau. Ofisi ipo Mwanjelwa, unapanda ngazi za pembeni kwenye fremu za spea za pikipiki, jina siweki msije mkasema napiga debe.

Ishu ilikuwa hivi. Mdogo wangu anaendesha bajaji, alinunua simu ya mkononi kwa mtu stendi, kumbe ya wizi. Saa moja asubuhi wakamchukua kijiweni, na baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua wenyewe, jaketi kaliacha kwenye bajaji. Mimi napata taarifa saa tatu, nafika kituoni (sikitaji) naambiwa subiri, mpelelezi katoka, nikakaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Ukutani kuna tangazo dhamana ni bure, halafu jamaa pembeni yangu ananinong'oneza niandae chochote kitu. Sawa.

Shemeji akanirushia namba ya hawa watu. Dakika arobaini hazijaisha wakili kashuka kwenye boda, binti mdogo tu, moyoni nikasema hapa nimepigwa. Aisee. Hakugomba na mtu. "Shikamoo afande," akajitambulisha, akaomba kumuona mteja wake, afande alipoanza kuzungusha maneno akamwambia taratibu kwamba Sura ya 20, ile sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, inampa mtuhumiwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na kama mnakataa basi sababu iwepo. Tukaingia.

Sasa hapa ndo hela yangu ilipofanya kazi. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, yalishaandikwa kurasa tatu, dogo anasubiri kusaini tu. Wakili akamuuliza, uliambiwa kwamba hulazimiki kusema chochote na ukisema kinaweza kutumika mahakamani? Dogo anajibu "niliambiwa niseme ukweli nirudi nyumbani." Akaomba yasomwe yote kwa sauti, pole pole. Ukurasa wa pili tukakuta "nilijua kuwa simu ni ya wizi." Dogo akaruka, yeye alisema nilijua BAADAYE. Neno moja hilo! Likaongezwa, akaweka saini yake pembeni. Juu kabisa muda wa kukamatwa umeandikwa saa 3:00 wakati kijiwe kizima kiliona ni saa moja, nao ukarekebishwa.

Mimi ningeona kusumbuana bure, muda una nini. Nje akanifafanulia, masaa manne ya kumhoji yanahesabiwa tangu ameshikwa, siyo tangu afande ameshika kalamu, ingawa muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi. Wakitaka zaidi inabidi yaongezwe kwa utaratibu, mwisho masaa nane ya nyongeza, na Mahakama ya Rufani imeshayatupa maelezo mengi tu kisa yamechukuliwa nje ya muda. Kwa hiyo ile saa 3 ilikuwa inabeba mambo.

Dhamana ilichukua mpaka saa kumi jioni, kitambulisho cha NIDA, barua ya mtaa, mdhamini, na wakili alikuwa anawakumbusha kiustaarabu kwamba dhamana ikishindikana basi ndani ya masaa 24 dogo awe mahakamani. Hatukutoa hata mia pale kaunta.

Malalamiko yangu sasa. Kwenye simu nilitajiwa elfu 60, mwisho wa siku ikawa elfu 85, eti usafiri na kusubiri. Kusubiri naelewa, ila usafiri upi jamani, boda ya Mwanjelwa? Semeni bei nzima mapema. Risiti nimeidai siku nane, ikaja picha WhatsApp tena imekatwa kichwa. Na usiku hawapokei, nilijaribu saa sita kwa issue ya jirani, kimya.

Ila walichonifurahisha, huyo jirani hana hela, na kesho yake wakamwambia wenyewe asiwalipe wao, aende kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambulika kwa sheria ya 2017, bure, wanakuelekeza na kukuandikia ila mahakamani hawasimami kukutetea. Ofisi nyingine ingemkamua kwanza.

Mkienda nendeni kabla ya saa kumi na moja, ngazi hazina taa. Jaketi la dogo halijaonekana mpaka leo.