Kigari cha kukokota manunuzi: cha kwanza nilinunua mfuko, cha pili nikanunua magurudumu

Kigari nilicho nacho sasa ni cha pili. Cha kwanza kilinihudumia miezi saba, na katika miezi hiyo nilijifunza mambo ambayo muuzaji hakunieleza, pengine kwa sababu naye hajawahi kukokota viazi hadi ghorofa ya tatu. Sina gari, kutembea napenda, na kutoka ninakonunua mahitaji ya wiki hadi mlangoni kwangu ni mwendo wa dakika 20, kisha ngazi. Lifti hakuna. Mwenye lifti na njia laini anaweza kuruka nusu ya malalamiko yangu.

Zamani nilibeba mifuko mikononi. Siku moja, kwa udadisi tu, niliipandisha kwenye mizani ya bafuni: chupa 6 za maji za lita moja na nusu, ambazo peke yake ni kilo 9, maziwa lita 4, viazi kilo 3, sabuni na vikorokoro vingine. Jumla kilo 18 na ushei. Hiyo ni tisa kwa kila mkono, kama umebahatika kugawa sawasawa, na vishikio vyembamba vya mifuko vinakuchimba vidole mpaka vinabadilika rangi. Ukichoka unasimama njiani, unatoa simu na kujifanya kuna ujumbe unaousoma.

Kilichonichelewesha kununua kigari ni aibu. Nilikuwa nakiona kitu cha wazee. Nikaja kujiliwaza na kisa cha Sylvan Goldman, mwenye supamaketi huko Oklahoma City, Marekani, aliyeleta troli ya dukani mwaka 1937. Wazo alilipata kwenye kiti cha kukunja: pa kukalia pakawa mahali pa kikapu, miguu ikatiwa magurudumu. Wateja waliikataa. Wanaume waliona itawafanya waonekane dhaifu, wanawake wakasema vigari vya watoto walivyokwisha kusukuma vinatosha. Ikambidi Goldman aajiri watu wajifanye wateja, wawe wanazunguka na troli dukani mpaka wengine wakazoea. Mimi sikuajiri mtu. Nilitoka na kigari changu siku ya mvua, wakati kila mtu alikuwa ameinamisha kichwa.

Hicho cha kwanza nilikichagua kama mtu anayechagua pochi. Niliangalia rangi, nikahesabu mifuko ya pembeni, nikafungua zipu na kuifunga, nikasoma kwenye lebo kwamba kinachukua lita 45, nikaridhika. Chini sikukitazama. Ningekipindua ningeona magurudumu mawili ya plastiki ngumu, kipenyo chake sentimita 12 hivi, yamechomekwa moja kwa moja kwenye ufito mwembamba wa chuma bila beringi wala bushi, na kila upande yakizuiwa na kofia ndogo ya bati iliyogongwa kwa nyundo. Basi.

Wiki za mwanzo tatizo lilikuwa kelele tu. Kwenye vigae vya njia ya miguu kililia kama mtu anayeburuta debe, mbwa wa mtaa mzima wakanijua. Kisha tundu la gurudumu la kushoto likaanza kulika. Plastiki ikizungukia chuma kikavu, na katikati yake mchanga, hupekechwa. Tundu la duara linageuka yai, gurudumu linapepesuka, na kila linapopepesuka linaisukuma ile kofia nje kidogo kidogo. Siku kofia ilipotoka nilikuwa katikati ya barabara. Gurudumu lilikwenda zake kwa starehe, kigari kikalala ubavu, viazi vikafuata mteremko.

Mama mmoja anayekaa ghorofa ya chini alikuwa nyuma yangu na kigari chake cha miaka mingi, mfuko umepauka mpaka rangi yake ya asili huijui. Alinisaidia kuokota, akakiinua changu, akachungulia chini yake. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ulinunua mfuko. Gari hukununua."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wao hawakuwahi kuokota viazi barabarani gari likiwapigia honi. Mara ya pili nilichagua, na nilianza chini kupanda juu.

Gurudumu dogo likikuta ufa linatumbukia, kubwa linapita juu yake. Uchawi hapo hamna. Gurudumu la sentimita 12 lina sentimita 6 tu kutoka kitovuni hadi ardhini, kwa hiyo jiwe la sentimita 3 tayari limefika nusu ya kimo hicho, nalo ni kilima. La sentimita 20 linalivuka jiwe lile lile kwa mtikisiko mdogo. Ukingo wa barabara ni habari nyingine, huo hutausubiri gurudumu la kigari lolote liupande lenyewe. Unageuka, unatangulia wewe kupanda, halafu unakivuta kinyumenyume, magurudumu yote mawili yakigusa ukingo kwa pamoja. Ukikivuta mshazari, gurudumu moja likatangulia, kinapinduka. Hili nimelifanya zaidi ya mara moja, na mara zote kulikuwa na mayai.

Kuna pia suala la gurudumu limetengenezwa kwa nini. Plastiki ngumu nimekwisha kuisema. Ile sponji ngumu, inayofanana na soli ya kandambili, ni nyepesi na kimya, na haina upepo wa kuisha, ila lami yenye kokoto inaila na hatimaye inabaki na mabonde. Mpira mzima ni mzito kidogo lakini unatulia njiani na unadumu. La upepo ndilo laini kuliko yote, mpaka siku ya pancha. Sikutaka kigari cha kubebea maziwa kinidai pampu. Nilichagua mpira wa sentimita 20.

Jaribio la beringi halihitaji fundi. Kinyanyue kigari, lipige gurudumu kwa kidole, uliache lizunguke. Lenye beringi nzuri linaendelea mpaka unachoka kulitazama, na lisilo nayo linakwaruza mara mbili tatu likasimama. Kisha lishike ulitikise kushoto na kulia: likicheza dukani, kikiwa kipya na kitupu, nyumbani litacheza dansi. Mwisho angalia ncha ya ekseli, ule ufito unaobeba magurudumu. Nilikataa vigari viwili vizuri tu kwa sababu vilikuwa na zile kofia za kugongwa. Nilichotafuta ni pini iliyopenya kwenye tundu la ekseli, au nati, yaani kitu ambacho nikiwa na koleo naweza kukifungua, nikapaka grisi, nikakirudisha. Gurudumu lisilotoka kwa hiari ya mwenyewe litatoka kwa hiari yake.

Urefu wa mpini nilikuwa nauona jambo dogo, kumbe ndio unaoamua mkono wako utaumia au la. Kigari cha magurudumu mawili ukikiinamisha, kiko kama mbao ya bembea juu ya ekseli. Kuna pembe fulani ambapo uzito wote unakaa juu ya magurudumu na mkono hauhisi kitu, unaongoza tu. Ukikilaza zaidi ya hapo, mzigo unaanza kukuangukia kiganjani. Mpini ukiwa mfupi kwa kimo chako, huwezi kukilaza hata kidogo, kwa hiyo kinakufuata karibu kimesimama na kila hatua kinakupiga visigino. Ukiwa mrefu mno, utajikuta umekunja kiwiko njia nzima. Mimi nilisimama wima na viatu ninavyotembelea, nikauacha mkono uning'inie nyuma kidogo, nikakiinamisha mpaka mpini ukaja wenyewe kiganjani.

Lakini hilo halijaribiwi kikiwa kitupu. Nilikwenda dukani na begi la mgongoni lenye chupa 6 za maji, nikamwomba muuzaji ruhusa, nikazipanga ndani ya kila kigari nilichokipenda na kuzunguka nacho. Alicheka, halafu akanyamaza, kwa sababu cha tatu, kilichokuwa cha kupendeza kuliko vyote, fremu yake ilipinda kiunoni hapo hapo mbele yetu. Kilikuwa cha alumini, mabomba yake membamba yameunganishwa kwa ribiti mbili. Sisemi alumini ni mbaya; nilichokuja kununua nacho ni alumini, ila mabomba ni mapana na maungio ya chini, pale panapobeba ekseli, yamechomelewa. Chuma kingekuwa imara zaidi, lakini kinapata kutu panapokwaruzika rangi, na uzito wake utaukumbuka ngazini.

Ngazi. Kabla sijaamua, jirani wa mlango wa pili aliniazima chake kwa wiki nzima, kile chenye magurudumu matatu kila upande, yamepangwa kama pembetatu inayozunguka. Ukikivuta kupanda, pembetatu inajigeuza na gurudumu linalofuata linakaa kwenye kidato cha juu yake. Kinafanya kazi. Kisichosemwa ni kwamba kilo 18 zinabaki kilo 18, na anayezipandisha mpaka ghorofa ya tatu ni wewe, si pembetatu. Unachookoa ni kule kukiburuta kikigonga ukingo wa kila kidato. Badala yake kinapanda kwa mapigo, ko, ko, ko, na jengo zima linajua umerudi. Huko barabarani kilikuwa afadhali kidogo tu kuliko kile changu kilichokufa. Magurudumu yake lazima yawe madogo ili matatu yatoshe, na yakikuta jiwe ile pembetatu inataka kujigeuza hata pasipo na ngazi. Nikapiga hesabu: ngazi ni dakika tatu, njia ni dakika 20. Nikachagua kinachofaa njia.

Ngazini sasa natumia akili ya kizamani. Chupa za maji zinapanda kwanza ndani ya begi la mgongoni, kigari kinanisubiri chini kikiwa na nusu ya mzigo, kisha narudi kukichukua. Hapo ndipo uzito wake mtupu unapohesabika. Changu kina kilo 2 na kidogo. Cha jirani kilikuwa na zaidi ya 4, yaani kabla hujaweka hata kitunguu kimoja umekwisha kubeba kama chupa mbili nzima za maji na ushei wa bure.

Vya magurudumu manne nilivijaribu kwa dakika chache tu. Vinasimama wima, unavisukuma kando yako, mkono haubebi kitu, na kwa mtu mwenye maumivu ya kifundo cha mkono au bega navipendekeza bila kusita, mradi njia yake ni sakafu au vigae vizuri. Yale magurudumu madogo ya mbele yanayojizungusha hayapatani na changarawe hata kidogo. Na kwenye mteremko kigari hicho kina haraka kuliko wewe.

Kuhusu mfuko nina machache, nao ulishapewa nafasi kubwa mno mara ya kwanza. Uwe unavuliwa kwenye fremu, maana siku moja maziwa yatamwagika na harufu yake haiondoki kwa kitambaa chenye maji. Sakafu yake iwe na ubao au plastiki ngumu, la sivyo mizigo inabonyea na mfuko unaburuta chini. Ndani uwe na rangi nyepesi. Wa kwanza ulikuwa mweusi ndani na nje, nikapoteza funguo humo kwa siku mbili. Lita 40 zinanitosha. Lita 55 zingenishawishi kununua nisivyoweza kuvuta. Lebo inaweza kutaja kilo ambazo fremu inabeba na kilo ambazo mfuko unabeba kama namba mbili tofauti, uifuate ndogo. Vizito vinalala chini upande wa ekseli, vyepesi juu. Mayai mimi sasa nayabeba mkononi, nimeshakubali.

Nimekitumia kipya kwa mwaka mmoja na miezi miwili, karibu kila wiki. Mpira wa magurudumu umelika kidogo upande wa kulia, nadhani kwa sababu mimi ni wa mkono wa kulia na nakivuta kwa kukipinda. Grisi nimepaka mara mbili. Kasoro kinazo. Kile kiguu cha mbele cha kukisimamishia ni chembamba, na mfuko ukijaa upande wa mbele kigari kinaanguka kifudifudi mbele ya watu. Nimezoea kukiegemeza ukutani. Kamba ya kufungia mdomo wa mfuko ina kibanio kisichobana, nimekibadilisha kwa fundo. Na mpini umefunikwa sponji laini ambayo ilianza kuchanika mwezi wa nne, nikaizungushia utepe wa kitambaa wa vishikio vya baiskeli, ambao mkono umeupenda kuliko ile ya kiwandani.

Yule mama wa ghorofa ya chini alikikagua siku ya kwanza. Alikipindua, akazungusha gurudumu kwa kidole, akasubiri lisimame. Lilikawia. Akauliza kama nimenunua pini ya akiba. Sikuwa nayo, sasa ninazo mbili, kwenye mfuko wa nje, pamoja na koleo.