Rimoti ya FlySky FS-GT5 kwenye lori langu la kuchezea, Mtwara
Nilihitaji chaneli tatu tu: usukani, mwendo na gia. GT5 inazo sita, basi hata taa nazo zimepata nafasi. Masafa ya redio ni 2.4 GHz, kwa hiyo tunaendesha malori kadhaa pamoja pale ufukweni Shangani bila kuingiliana.

Kilichonikosha ni risiva yake, BS6, yaani kipokezi kinachokaa kwenye lori, yenye jairo ndani, kifaa kinachohisi lori likigeuka. Kwenye mchanga mkavu, nyuma ikianza kukimbilia pembeni, matairi ya mbele yanajirekebisha kabla kidole changu hakijashtuka. Ila ukiizidisha nguvu jairo hiyo, lori linatikisa kichwa hata kwenye njia iliyonyooka. Ipunguze kidogo kidogo.

Kabla ya kutoka nyumbani, seti mota ijizime mawasiliano yakikatika. Pima hivi: inua lori, matairi yazunguke hewani, kisha zima rimoti. Yakiendelea kuzunguka, usithubutu kusogea karibu na maji, maana chumvi haina msamaha.

Rimoti inatumia betri nne za AA, zile za tochi, hata Mikindani zipo. Risiva za ziada madukani huku sijaziona. Agiza mbili kwa mpigo zije na basi la Dar.