Unene wa Retina: Stratus na Cirrus

Mgonjwa wa kisukari anayevuka feri kutoka Likoni kuja kupimwa macho mjini Mombasa anastahili kipimo cha kuaminika cha unene wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwa sababu uamuzi wa kumdunga sindano ndani ya jicho huweza kutegemea makumi machache ya mikromita (sehemu za elfu za milimita). Stratus, mashine ya zamani ya tomografia ya mwanga (upigaji wa picha za tabaka za jicho), husoma mistari 400 ya kina, yaani inayoshuka ndani ya retina, kwa sekunde. Hupiga retina picha sita za mkato kupitia kitovu chake, kisha hukadiria sehemu zilizobaki, na jicho likicheza kidogo tu, makadirio hupotoka. Cirrus iliyofuata husoma mistari 27,000, na kipimo kikirudiwa, majibu hukaribiana zaidi.

Naiamini Cirrus, lakini kwa sharti moja. Stratus huweka mpaka wa chini wa retina juu zaidi, hivyo retina ileile husomeka nene zaidi kwenye Cirrus, kwa mikromita 50 hivi au zaidi, ilhali haijavimba hata kidogo. Mgonjwa asibadilishiwe mashine katikati ya matibabu. Tena, kabla ya kusoma namba, tazama mstari wa rangi ambao mashine huchora kwenye skrini kuonyesha mpaka wa retina: penye uvimbe mkubwa huweza kuruka tabaka, hata katika Cirrus.